Mkono wa Babu, Maneno ya Kabange

Jumatatu, 3 Juni

Baridi. Vumbi limeingia hata kwenye kabati lililofungwa. Asubuhi nzima nimetoa pini. Pini za kutu, moja moja, kwa kisu cha kupakia siagi, maana ukizivuta kwa vidole karatasi inapasuka. Dosie za herufi K, majalada ya wafanyakazi wa zamani, zimebaki tatu. Kidole gumba kinauma.

Saa sita nikafungua simu nile mkate huku naangalia. Kosa langu. Odile ameweka barua nyingine kwenye ukurasa wake. Ya saba. Chini yake: Mkusanyo wa Odile.

Mkusanyo wa Odile! Barua hizo nilizitoa pini mimi. Nilizipangusa mimi, kwa brashi ya kunyolea ndevu ya marehemu mume wangu. Nilizipiga skani mimi, siku mbili, umeme ukikatika na kurudi. Odile alipewa kwenye flashi. Na aliyempa ni mimi, mjinga, kwa sababu alisema ni za kufundishia historia kwenye lise yake, ile sekondari anakofundisha.

Watu wanamwita hazina ya mji. Mmoja ameandika kwamba alilia.

Ni wivu. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nina wivu na Odile mpaka mkate umenikwama.

Jumatano, 5 Juni

Niandike mambo kwa utaratibu, labda nitatulia.

Barua ni kumi na nane. Kabange Mathias, mfanyakazi wa njia ya reli, alizituma kutoka hapa mjini kwa mke wake Mwape aliyekuwa amebaki Pweto. Baadaye Mwape alikuja kuishi naye kwenye kambi ya wafanyakazi, akaja na barua zake. Kabange alipokufa, Mwape alizipeleka kwenye dirisha la kampuni ya reli pamoja na karatasi za ujane, aonyeshe kwamba alikuwa mke kweli. Hazikurudi. Kampuni nayo ikafa, dosie zake zikaletwa kwetu, Nyumba ya Kumbukumbu. Jina kubwa. Ni vyumba viwili na choo. Mimi ndiye mtunzaji, mwaka wa kumi na moja huu.

Kitu kimoja sijamwambia mtu. Kabange hakujua kuandika. Kambini kulikuwa na karani wa barua. Mtu anakaa mbele yake, anasema, yeye anaandika. Karani huyo alikuwa babu yangu, Ngoy Albert. Nilimjua tangu barua ya kwanza. K yake ina mkia unaoshuka na kupinda kushoto. Nyumbani nina daftari lake la katekisimu, lina K hiyo hiyo. Na kila barua inaishia na mstari mmoja, uleule: Na mimi karani ninayeandika, Ngoy, nakusalimu pia, mama.

Ngoy ni wengi mjini. Hakuna aliyeuliza.

Nilitaka kuandika kijitabu. Jalada lingekuwa na jina lake na jina langu. Kila mwaka nasema mwaka huu. Sijaandika hata ukurasa mmoja. Odile hakungoja.

Ijumaa, 7 Juni

Mazoezi ya kwaya. Odile na mimi tunasimama sauti ya kwanza, bega kwa bega, tangu usichana. Leo kiongozi alikatiza wimbo ili atangaze: Odile ameitwa redioni, Jumapili, azungumze juu ya barua. Makofi. Mimi pia nilipiga. Mikono ilipiga, roho haikupiga.

Alifunga kitambaa kipya kichwani, maua ya rangi ya chungwa. Kinampendeza. Hilo nalo limeniudhi.

Akaninong'oneza kama nitamsikiliza. Nikasema ndiyo. Sitamsikiliza.

Jumapili, 9 Juni

Nilimsikiliza.

Alisema "niligundua". Niligundua! Mawe! Aligundua nini, flashi? Alisema kazi ya miaka. Hakutaja Nyumba ya Kumbukumbu. Hakunitaja. Akasoma barua ya saba yote, ile ambamo Kabange anamwonea wivu mvuvi mmoja wa Pweto aliyempa Mwape samaki bure. Mtangazaji alicheka sana. Nikazima redio. Nikaiwasha tena nione kama atanitaja mwishoni. Hapana.

Mchana jirani akapita mlangoni kuniuliza kama nimemsikia mwenzangu wa kwaya. Eti mwanamke wa akili. Nikamwambia chungu kinaungua, nikaingia ndani. Hakukuwa na chungu jikoni.

Jumatatu, 10 Juni

Pini sikuzigusa. Nimesoma sheria ya haki ya mtunzi. Nakala tunayo kwenye rafu, hakuna aliyewahi kuiomba. Wengi wanadhani karatasi ikiwa ya zamani basi ni ya kila mtu, piga picha, weka mtandaoni, yamekwisha. Si kweli. Haki za aliyetunga zinaendelea miaka hamsini baada ya kufa kwake, na wanaozishika ni warithi. Kuwa na karatasi mkononi si kuwa na ruhusa ya kuitangaza.

Babu alikufa nikiwa darasa la pili. Hamsini haijafika. Na katika wajukuu wake aliyebaki mjini ni mimi peke yangu.

Nimesoma ukurasa huo mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa natabasamu.

Saa tisa nikafungua fomu ya malalamiko ya huo mtandao. Swali: una uhusiano gani na kazi hii? Nikajibu: mjukuu na mrithi wa mwandishi. Nikatia picha ya daftari la katekisimu, K zikionekana vizuri. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. Nikakumbuka "niligundua". Nikabonyeza.

Alhamisi, 13 Juni

Zimeondolewa. Zote saba. Mahali pa kila barua pana mraba wa kijivu na maneno kwamba mwenye haki amelalamika.

Mwenye haki. Mimi huyo. Nimekula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, nikaongeza, nikaramba vidole.

Ijumaa, 14 Juni

Kwaya. Odile macho mekundu. Aliuliza mbele ya wote ni nani anayemfanyia ubaya huu. Kila mtu alikuwa na mshukiwa wake. Wengine walisema ni wageni wa ng'ambo wanaotaka kutuibia historia. Mimi nilikuwa natafuta kitabu cha nyimbo ndani ya mfuko, nacho kilikuwa mkononi.

Nilifurahi kumwona hivyo. Niseme ukweli. Kisha kwenye wimbo wa pili sauti yangu ikakataa kupanda, na Odile, bila hata kunitazama, akaimba sehemu yangu ili kiongozi asisikie.

Jumatatu, 17 Juni

Siku mbaya. Niandike yote.

Asubuhi aliingia mwanamke mzee, ameshikwa mkono na binti yake. Wametoka mtaa wa Kampemba, mabasi mawili. Kitenge, na juu yake sweta ya kiume. Harufu ya samaki wa kukausha, maana binti anauza samaki wa Pweto sokoni. Nikampa kiti karibu na dirisha lenye jua. Nikamwuliza jina nilitie kwenye kitabu cha wageni.

Véronique Kabange.

Kalamu ilisimama yenyewe.

Ni binti wa Kabange Mathias. Mtoto wa mwisho. Binti yake alikutana na jina la babu yake kwenye ukurasa wa Odile, na tangu hapo kila Jumapili baada ya misa anamsomea mama yake barua mpya kwenye simu. Hawajamwandikia Odile hata siku moja, waliona haya, ni mwalimu, anaongea redioni. Jana walifungua simu wakakuta mraba wa kijivu. Wakauliza huku na huku, wakaambiwa karatasi zenyewe ziko kwetu.

"Mama," akaniambia, "banasema mwenye barua alikatala. Mwenye barua ni nani? Baba alizala batoto ine, batatu balisha kufa. Njo miye nabakia. Miye sikukatala kintu."

Dosie ilikuwa hatua tatu kutoka kiti chake. Ningeweza kuitoa pale pale. Nikasema mtandao una matatizo. Nikasema nitauliza. Nikaongea upesi upesi kama mwuza dawa. Alinishika mikono yote miwili, akaniita mwanangu, akaniachia samaki wawili ndani ya gazeti.

Samaki wako jikoni. Sijawagusa.

Jumanne, 18 Juni

Nimekwenda kwa Maître Lucien, mwanasheria anayetusaidia bila malipo. Nikamweleza kama ni habari ya mtu mwingine. Akanitazama juu ya miwani, nikajua amejua.

Akanipa mfano wa mpiga taipu: "Daktilo akipiga barua ya direkta kwenye mashini, ile barua inakuwa ya daktilo?"

Basi. Mwenye haki ni aliyetoa maneno. Aliyeshika kalamu alishika kalamu. Babu aliandika alichoambiwa, na ndiyo maana watu walimwamini, hakuwapambia maneno yao. Miaka hamsini inahesabiwa kwa kifo cha Kabange, nayo haijafika. Mrithi ni mama mzee wa Kampemba. Nimejiita mwenye kitu chake, halafu nikala bukari.

Nikamwuliza Maître kama hakuna kitu kabisa. Akafikiri. Akasema kama kuna mahali karani alisema lake mwenyewe, hapo mtu anaweza kusema ni la karani. Nikamtajia mstari wa salamu. Akacheka kidogo. Akasema hakimu angetufukuza wote wawili, mstari wenyewe ni mfupi mno, lakini kwa heshima mtu anaweza kumwomba mjukuu ruhusa.

Mstari mmoja. Hiyo ndiyo mali yangu yote kwenye dosie ile.

Jumatano, 19 Juni

Sikwenda kazini. Nilisema tumbo. Si tumbo.

Nilidhani aibu ingefukuza wivu. Wapi. Vimekaa pamoja kwenye kitanda kimoja. Bado sitaki Odile azirudishe zile barua, na bado namwona yule mama mzee ameshika simu yenye mraba wa kijivu.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna anayejua isipokuwa Maître, naye hasemi ya watu. Nimelifikiria jambo hilo tangu asubuhi mpaka jua limetoka ukutani.

Ijumaa, 21 Juni

Jana niliondoa malalamiko. Fomu nyingine. Swali: kwa sababu gani? Nikaandika: Nilikosea, mimi si mrithi.

Leo kabla ya kwaya nilimvuta Odile nyuma ya kanisa, penye mapipa ya maji. Nikamwambia. Nikangoja kofi.

Akasema, "Weye, Georgette?" Mara mbili. "Weye?"

Kofi lingekuwa afadhali. Na badala ya kuomba msamaha nikalipuka. Nikamtolea yote: mkusanyo wa Odile, niligundua, brashi ya mume wangu, siku mbili za skani, flashi. Nilipaza sauti mpaka kiongozi wa kwaya akachungulia dirishani. Odile aliangalia viatu vyake. Akasema mara ya kwanza aliandika jina lake bila kuwaza. Mara ya pili ilikuwa tamu.

Sikutegemea jibu hilo. Nilikuwa nimejitayarisha kwa uongo.

Nikamweleza habari ya Mama Véronique. Akashika mdomo. Hakuwahi kumtafuta mtoto wa Kabange, hakuwaza hata kama yupo. Nikataka kumlaumu. Lakini ndani ya dosie, karatasi ya pili, ile ya ujane, majina ya watoto wote wanne yameandikwa kwa mashini, la Véronique la mwisho. Pini ya karatasi hiyo niliitoa mimi. Miaka yote hii nilijua K ya babu yangu ilivyopinda na sikusoma majina ya watoto wa watu. Hilo linaniuma kuliko yote.

Hatukuimba vizuri, yeye wala mimi.

Jumamosi, 22 Juni

Kampemba, sisi wawili. Dosie ndani ya plastiki, plastiki ndani ya kikapu, kikapu mapajani mwangu.  Odile alilipa nauli zote mbili kabla sijafungua pochi, nikakasirika.

Mama Véronique alikuwa ameketi uani anaota jua. Nikakiri nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingeweza. Nikamwambia ni mimi niliyefunga barua. Nikamwambia nilidanganya pale ofisini. Alisikiliza mpaka mwisho, uso haukubadilika. Akauliza kama samaki niliwala. Nikasema hapana.

"Utaikula leo," akasema. "Samaki ile haina kosa."

Ni hayo tu. Sikuambiwa jingine.

Kisha nikamsomea. Zote kumi na nane, kutoka karatasi zenyewe. Kabange akiuliza juu ya mihogo. Kabange akilalamika viatu vya kazi. Kabange akimwambia mkewe asiuze ule mkeka, atakuja kuulalia. Odile alikaa chini mkekani, kimya, wanafunzi wake wasingemjua. Nilipofika mwisho wa barua ya kwanza, karani anakusalimu pia, mama mzee akacheka mpaka akakohoa. Mama yake, Mwape, aliujua mstari huo kwa moyo. Kila alipotuma mtu wa kumjibu Kabange alimalizia kwa salamu: na ule karani umupatie jambo yangu.

Nikamwambia karani ni babu yangu. Akanishika kidevu, akanigeuza niangalie jua. Alimjua babu kambini, alipokuwa mtoto. Akasema sifanani naye hata kidogo. Binti yake akacheka. Odile akacheka. Na mimi.

Odile akatoa karatasi ya ruhusa, akaisoma polepole, kila neno. Mama Véronique alikubali barua zote zirudi mtandaoni. Isipokuwa ya saba. Odile akashtuka, kwa sababu hiyo ndiyo watu walioipenda kuliko zote, hiyo ndiyo ya redio.

"Ile hapana. Mule baba iko na wivu. Aliandikia mama, hakuandikia bantu ba redio."

Odile aliivuta karatasi mapajani. Akachukua kalamu, akaikata ya saba. Mama Véronique akatia sahihi, jina zima, mwandiko wa masista. Karatasi zenyewe akasema zirudi kabatini, kwake panya ni wengi, lakini achapiwe nakala za herufi kubwa. Nikamwahidi Jumatano.

Niliporudi nimehamisha daftari hili ninamoandika wivu wangu. Lilikuwa mezani. Sasa linakaa chini ya mashuka. Na samaki nimewala, kwa nyanya na kitunguu.

Jumanne, 25 Juni

Odile alikuja kazini kwangu na karatasi nyingine. Amemtembelea Maître. Ruhusa ya mstari wa karani. Mimi, Georgette, mjukuu wa Ngoy Albert, nakubali salamu yake itangazwe pamoja na barua alizoandika. Nilidhani ananicheka. Nikamwangalia usoni. Hakuwa anacheka.

Nikasaini. 

Akabaki anisaidie pini. Ana mikono mizito. Alipasua pembe ya karatasi moja. Nilinyamaza. Naam, nilisema kidogo.

Jumapili, 30 Juni

Barua zimerudi. Zinaanza upya na ya kwanza, moja kila Jumapili. Chini yake imeandikwa: Maneno ya Kabange Mathias. Mkono wa Ngoy Albert. Kwa ruhusa ya Véronique, binti wa Kabange. Zimetunzwa na Georgette. Odile amejiweka mwisho, kwa herufi ndogo.

Mtu wa kwanza kuandika amempongeza Odile. Wa pili pia. Kiliniuma. Kidogo, lakini kiliniuma, na sitaandika hapa kwamba hakikuniuma.

Baada ya misa binti wa Mama Véronique alinipigia simu. Mama anataka kumwandikia binamu yake wa Pweto. Simu haiwezekani, binamu masikio yamekufa. Barua itakwenda na gari la samaki. Mama anaona vibaya siku hizi na anataka mtu wa kumshikia kalamu. Odile ana mwandiko mzuri kuliko wangu, wote kwenye kwaya wanajua. Lakini aliyeitwa ni mimi. Nilivaa kitambaa changu kizuri.

Tulikaa palepale uani. Alisema, nikaandika. Alisema kwa kituo, anaangalia ukuta: magoti, baridi ya mwaka huu, mjukuu aliyefaulu, nani kafa, nani kazaa. Mara mbili nilitaka kumtengenezea sentensi. Nikajizuia. Niliandika alichosema.

Akataja jina lake, nikaliandika. Nikafunga kalamu. Akachukua karatasi, akaisogeza karibu na macho, akaweka kidole kwenye nafasi iliyobaki chini.

"Na weye? Hausalimie?"

Nikafungua kalamu tena.